Msimu wa "Si Lazima"

20 Julai

Mvua imeanza na sisi tumefungiwa. Neno "fungiwa" ni langu. Ani Lhakdon, msimamizi wetu wa nidhamu, akilisikia nitasugua masufuria wiki nzima. Yeye husema tumejitenga. Haya, tumejitenga: vijiti vimechomekwa kuizunguka nyumba yote ya watawa, na mpaka mvua ziishe hakuna mtawa atakayevivuka, tusije tukawakanyaga wadudu wanaotoka ardhini msimu huu. Wageni wanaruhusiwa kupanda kuja kwetu, ila kwa matope haya sijui nani atajisumbua. Simu ziko ofisini. Tunapewa Jumatatu mchana tu, siku ya mapumziko.

Leo ni Jumatatu, na heri nisingeiwasha yangu.

Kundi la simu la kambi yetu ya wakimbizi kule bondeni linawaka moto. Kuna video. Mgeni mmoja alituchukua wiki iliyopita, kabla ya vijiti, tulipokuwa uani kwenye somo letu la kulumbana kwa hoja. Mtawa mwenzangu Delek amekaa chini, ndiye mjibu. Mbele yake anaonekana mtu amesimama, anapiga makofi na kukanyaga mguu, lakini uso wake umeachwa nje ya picha. Mkono ni wangu. Ningeutambua hata gizani, una kovu la mafuta ya moto.

Sauti yangu inauliza: "Basi taa zinazowashwa kwa ajili ya marehemu ni kazi bure?"

Delek anajibu: "Nakubali."

Video inaishia hapo. Mwenye kuirusha ameandika juu yake: "Hivi ndivyo wanavyofundishwa watawa wetu." Chini yake nimeacha kuhesabu walioandika.

22 Julai

Nilidhani Delek atalia. Alikuwa anamenya viazi jikoni. Nikamweleza yote, akaniuliza, "Na pua yangu imetokeaje?"

"Delek, sifanyi mzaha."

"Wala mimi. Video ya mwaka juzi ilinipa pua kama kiazi hiki."

Amenizidi miaka sita, na mwaka wa nne sasa anasomea shahada kubwa ile ambayo zamani ilikuwa ya wanaume peke yao. Mitihani ni baada ya mvua. Anasoma hata akipiga mswaki.

Nikamwambia watu hawajui kwamba nilikuwa nimembana hatua kwa hatua, na kwamba baada ya "nakubali" ile alijinasua vizuri mno mpaka mimi ndiye niliyebaki nimeduwaa. Mtu aliyeketi anajibu kulingana na alichokwisha kukubali, si kulingana na anachoamini moyoni. Mtoto wa mwaka wa kwanza analijua hilo.

"Mtoto wa mwaka wa kwanza wa hapa," Delek akasema, akanipa kisu nimsaidie.

25 Julai

Mvua. Dengu. Mvua.

27 Julai

Siku ya simu. Mama amenitumia sauti, nyuma yake nasikia sufuria la mvuke la maandazi yake ya nyama. "Yangdol, mwanangu, mkono ule ni wako, usinidanganye, nimekuzaa mimi. Kaa kimya. Usijibu chochote."

Nilikaa kimya labda muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Jamani, kundi lile ni bustani. Nimesomea makosa ya hoja miaka mitano juu ya mkeka, sikuwahi kuyaona yakitembea yenyewe hivi. Muuza sweta wa mtaa wa juu kaandika: "Kila mtu anasema watawa wa siku hizi wameharibika." Kila mtu akisema, ndiyo inakuwa kweli? Mwingine: "Baba yake huyo binti alikuwa mlevi." Taa za marehemu na chupa ya baba mtu vinahusianaje? Mama mmoja wa kwaya: "Leo taa, kesho watasema hekalu la nini, keshokutwa mtawaona na jinzi." Huyo nilimpenda kabisa, maana hakuacha hata hatua moja, alishuka ngazi zote mpaka chini. Na mwingine, kwa hasira: "Ama unaheshimu wafu, ama unasomea kubishana. Chagua." Kwa nini nichague?

Wa upande wetu nao, aibu tupu. Binamu yake Delek anajibu: "Kwani watawa wa kiume wao hawakosei?" Wanakosea, ndiyo. Lakini hilo linamsaidiaje Delek?

Anayeongoza wote ni Mzee Topgyal, jirani ya mama, fundi wa mazulia aliyestaafu. Huyo hatukani. Kila siku anaandika jambo lile lile: "Mtawa yule aombe radhi hadharani, au asifanye mtihani."

Kwa hiyo nikajibu. Niliandika vizuri, kwa adabu, nikampa kila mmoja kosa lake na jina lake.

3 Agosti

Majibu yangu yamewaongezea watu hasira. Sielewi. Nilimwonyesha yule wa "kila mtu anasema" kwamba zamani kila mtu alisema dunia ni bapa. Amejibu: "Kumbe tunaitwa wajinga." Sikusema hivyo. Sasa watu kumi wengine wanasema nimewaita wajinga.

Nimemwonyesha Delek nikitegemea atacheka. Alisoma yote, akarudisha simu. "Yangdol, kuna hata mmoja uliyemshinda akakushukuru?"

"Uani nani hushukuru?"

"Uani mtu amekuja mwenyewe akaketi. Hawa umewakalisha kwa nguvu."

5 Agosti

Jambo lenyewe limeshafika juu. Wazee wa kambi wamepiga simu kwa mama mkuu wetu. Wanataka jina la Delek liondolewe kwenye mtihani wa mwaka huu mpaka aombe radhi. Wao ndio wanaotulisha unga na siagi, huwezi kuwaambia waende zao. Mama mkuu amemwita Delek, amesema ataamua siku ya kung'oa vijiti.

Delek hataki kuomba radhi. Nilimsihi. Sema maneno mawili, basi, mtihani ni wako.

"Nikiomba radhi kwa jibu nililotoa nikiwa nimeketi," akasema, "kesho nani ataketi? Utamuuliza mtoto swali gumu, atakuwa anaangalia kama kuna simu." Halafu akaendelea kukunja nguo. Nguo moja aliikunja mara tatu.

Nina hofu. Naandika wazi, nina hofu. Akikosa mwaka huu itabidi aanze upya duru nzima, na mwili wake si mzima, mapafu yanamsumbua kila baridi.

8 Agosti

Leo nilifundisha watoto somo la rangi. Ndilo la kwanza kwetu sote, wala halina ujanja. Unamuuliza mtoto: je, kila chenye rangi ni chekundu? Akikurupuka kusema "nakubali", unamletea lile baragumu jeupe la hekaluni. Lina rangi? Lina. Basi ni jekundu? Hapo anakodoa macho, na wenzake wote wanapiga kelele ya "tsha", ile tunayompigia mtu aliyejipinga mwenyewe, naye anajifunza lile jibu tamu kuliko yote manne: si lazima. Majibu mengine ni "nakubali", "kwa nini?" na "sababu hiyo si kweli". Mjibu anaruhusiwa moja tu kati ya hayo kila anapoulizwa. Hakuna maelezo, hakuna "lakini".

Mtoto mmoja kaniuliza, "Dada, na kama sijui?"

Nikamwambia aulize kwa nini.

10 Agosti

Nimemkamata. Mama mwenyewe ndiye aliyenipa habari bila kujua: mpwa wake Mzee Topgyal aliomba kujiunga na utawa wetu mwaka jana, akakataliwa. Kumbe. Ndiyo maana anatuandama. Nimeiweka kwenye kundi wazi kabisa: "Mzee Topgyal ana kinyongo kwa sababu ya mpwa wake, ndiyo maana anasema anayosema."

Nikazima simu. Zamu hii nimeshinda.

11 Agosti

Sikushinda. Mwalimu Rigsang, Gen-la wetu wa kulumbana, amejua. Sijui nani kamwambia, huwa anajua tu. Aliniita baada ya uji wa shayiri.

"Mpwa wa Topgyal alikataliwa. Kweli?"

"Kweli, Gen-la."

"Basi anachosema Topgyal ni uongo?"

Nilifungua mdomo kusema nakubali, nikaufunga. Mpwa anaweza kuwa alikataliwa na bado mjomba akawa na haki. Kila chenye rangi ni chekundu, Yangdol. Miaka mitano.

"Si lazima," nikasema.

"Umejibu mtu, hukujibu hoja. Sawasawa na aliyeandika habari za mlevi." Hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha. "Alhamisi utaketi. Utatetea upande wa Topgyal, mchana mzima. Mtetee kama vile mtihani ni wako."

14 Agosti

Sina nguvu za kuandika jana yote, ila lazima niandike.

Mvua ilikuwa kubwa, kwa hiyo tulilumbana barazani, watu wamebanana, maji yanamwagika kutoka paani. Niliketi. Wakaja mmoja mmoja kunibana. Mwanzo nilimtetea Mzee Topgyal kivivu, nikatumia hoja zake za kwenye kundi zile zile, na kila moja ilivunjwa kabla sijameza mate. Mwalimu akasimamisha. "Huyo si Topgyal. Huyo ni kinyago chake ulichochonga wewe ili upate wa kumpiga. Mtafute mwenyewe."

Basi nikajaribu kwa dhati. Nikasema: anayesikilizwa na wengi lazima achunge asemalo mbele ya wasiojua kanuni. Hiyo ilisimama muda mrefu, na nikashangaa kwamba naiamini. Nikasema: mtu asiyesoma anatutegemea sisi kujua mambo haya, na tukisema "nakubali" hana pa kwenda kuuliza. Hiyo nayo ilisimama.

Kisha akasimama Delek. Delek mwenyewe, anambana mtetezi wa mshitaki wake, watoto wakawa wanasukumana waone. Akapiga kofi moja tu.

"Unataka mtawa asifanye mtihani. Kwa nini?"

Nikasema ili iwe fundisho.

"Mtu huyu hatukani, haongezi neno, anarudia jambo moja kila siku wiki nne. Anataka fundisho?"

Kati ya majibu yale manne lilinijia moja tu, "kwa nini?" Nilikuwa nimemjibu mzee yule mwezi mzima, nimemchambua, nimemtafutia kinyongo, na sijawahi kumuuliza swali la mtoto wa mwaka wa kwanza.

Nimekaa na jambo hili tangu jana. Ni la ajabu, halinikeri hata kidogo, linaniwasha tu nijue.

17 Agosti

Siku ya simu. Nimefuta nilichoandika juu ya mpwa na kuomba radhi kwenye kundi. Watu wawili wamenicheka, mama amenitumia picha ya maandazi, yaani amenisamehe.

Kisha nikamwandikia Mzee Topgyal peke yake. Niliandika na kufuta mara nyingi. Mwisho ikawa hivi, nikianza na "Pala", yaani baba, kama tunavyowaita wazee: "Pala, mimi ndiye niliyeuliza swali kwenye video, mkono ni wangu. Sitaki kubishana nawe. Nataka kujua, kwa nini jibu lile lilikuuma?"

Alisoma. Hakujibu.

20 Agosti

Konokono wamejaa njia ya choo. Tunatembea kama wezi.

24 Agosti

Hakuna jibu. Kundini ameacha kuandika. Wengine wanaendelea bila yeye. Yule wa jinzi sasa amefika kwenye pikipiki.

28 Agosti

Delek anakohoa. Anasoma akiwa amejifunika blanketi. Ani Lhakdon, ambaye sikuwahi kumwona akimwonea huruma hata paka, amemletea supu ya tambi mara mbili na kusema eti ilibaki.

31 Agosti

Amejibu. Si maandishi, ni sauti, ndefu, na kikohozi ndani yake. Tulisikiliza mimi na Delek nyuma ya ghala la kuni. Nanakili kama nilivyosikia.

"Binti, mimi si mtu wa maneno. Umeniuliza kwa nini, watoto wangu hawajaniuliza. Mke wangu Lhadon alifariki baridi iliyopita. Unamjua, alikuwa anakupa vitambaa ukiwa mdogo. Nilimwashia taa siku zote zile zinazotakiwa, hapo hapo hekaluni kwenu. Nilipanda mwenyewe, na theluji, na magoti haya. Halafu nikaona mtawa msomi anaulizwa kama ni kazi bure, anasema nakubali. Mimi nikafikiri: hawa wanajua. Walikuwa wananiangalia napanda, na wanajua. Akiomba radhi, nitajua kwamba alikosea. Asipoomba, basi... basi sijui. Ndiyo hivyo."

Delek alikaa juu ya gogo lenye maji bila kujali nguo. Mimi nililia kwa hasira ya kujichukia mwenyewe, maana nilikuwa na jina la kila kosa lake, na yeye alikuwa anauliza swali.

"Si radhi yangu anayoitaka," Delek akasema mwishowe. "Anataka kujua kama taa zilimfikia mkewe."

"Tumwambie ni kanuni za uani tu, hukumaanisha."

"Tukimwambia hivyo atasema tunamfariji. Wewe ungeamini?"

Nisingeamini.

"Mwambie apande siku ya vijiti," akasema. "Mwambie asimame yeye. Mimi nitaketi."

3 Septemba

Mwalimu Rigsang amekubali. Mama mkuu amekubali pia. Wazee wa kambi watakuja kusikiliza. Nimemwuliza Delek atajibu nini. Amesema hajui, hajaulizwa bado.

7 Septemba

Vijiti vimeng'olewa asubuhi. Mvua imekwisha, milima imeoshwa, watoto wamekimbia mpaka barabarani na kurudi kwa raha tu ya kuvuka.

Mzee Topgyal alipanda taratibu, amevaa koti lake zuri, kofia mkononi. Wazee wanne nyuma yake, na mama yangu nyuma ya wazee na kikapu, ambaye hakualikwa na mtu. Delek alikwenda akaketi mahali pa mjibu. Tulikaa sote kuzunguka.

Mzee hakujua aanzeje. Nilikwenda nikamwonyesha kofi linavyopigwa, kiganja juu ya kiganja. Alipiga moja, dogo, kama anayefukuza nzi. Hakuna aliyecheka.

"Niliwasha taa kwa ajili ya mke wangu," akasema.

"Nakubali," Delek akajibu.

"Sikuona dalili yoyote. Sikuota ndoto. Hakuna kitu."

"Nakubali, Pala."

Sauti ya mzee ikapungua. "Basi hazikufika."

"Si lazima."

Nimelisikia jibu hilo maelfu ya mara. Tunalitupiana kama mawe, tunawafungia watu midomo kwalo. Leo nilimwona mtu analipokea kwa mikono miwili. Alisimama pale, midomo inatembea bila sauti, nikajua anajirudia mwenyewe: sikuona dalili, si lazima iwe hazikufika. Alikuwa anaikagua. Fundi wa mazulia, anaangalia fundo kwa upande wa nyuma.

Kisha akapiga kofi tena, safari hii bila kufundishwa.

"Basi zilifika."

"Kwa nini?" Delek akauliza, kama inavyotakiwa.

"Kwa sababu niliziwasha kwa mapenzi. Kila siku. Hata siku ya theluji."

Hoja ile ina tundu, watoto wote waliona tundu. Kuwasha kwa mapenzi hakuthibitishi kufika. Delek akisema nakubali, amedanganya kwa huruma, na wazee watakuwa na kila haki ya kusema wanawake hawawezi kazi hii. Akisema lile jingine, amemvunja mzee mbele ya watu.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeinua mkono. "Ngoja," akasema. "Hata hiyo si lazima. Siyo, binti?"

"Si lazima, Pala," Delek akasema. Akamtazama usoni. "Lakini nakubali."

Majibu mawili kwa pumzi moja, na "lakini" katikati. Kwetu hilo ni kosa la wazi, mjibu ameshindwa, na sisi tuliozunguka ni wajibu wetu kupiga kelele ya tsha. Kelele yangu ilikuwa imeshafika kooni. Niliwaangalia watoto, nikamwangalia Ani Lhakdon, nikamwangalia Mwalimu. Hakuna aliyefungua mdomo.

Na katika kimya kile ndipo nilipoliona kosa langu la msimu mzima, kubwa kuliko makosa ya kundi lote yakiwekwa pamoja. Nilidhani nikishaonyesha kwamba sababu ya mtu ni mbovu, basi nimeonyesha kwamba anachokisema si kweli. Si lazima. Sababu ya mzee imeanguka, na taa zinaweza kuwa zilifika vilevile.

Mzee Topgyal alicheka kidogo, akajifuta macho na kofia, akawageukia wenzake. "Mwacheni akafanye mtihani wake," akasema. "Hanidanganyi huyu." Mzee mmoja alianza, "Lakini kila mtu kule chini anasema—" na Topgyal akampigia kofi, kiganja juu ya kiganja, akamuuliza, "Kwa nini?"

Mama mkuu alisema jina la Delek linabaki. Mama yangu akafungua kikapu, tukala maandazi ya nyama juani, na Delek akala matano na kukohoa mara moja tu.

Jioni, kabla ya kushuka, mzee aliomba taa. Tulimpa ya siagi mbichi, maana taa zetu huwaka kwa siagi. Hakutaka kusaidiwa na magoti yake. Nilimshikia kiberiti kwa mkono wangu wenye kovu, akautambua, akaushika kidogo, kisha akawasha.